Alisukuma, Hakuvuta

Bingwa alikuwa na tabia ya kuongea na mashine anapoifungua, na mara nyingi maneno yenyewe hayakuwa ya heshima. Siku hiyo alinyamaza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lethi kubwa, mashine ya kuchonga vyuma iliyokaa katikati ya karakana. Kifuniko cha mbele alikuwa amekitoa, na beringi mbili za shafti kuu zilikuwa wazi mbele ya macho yake. Hakuhitaji hata kuzing'oa. Zote mbili zilikuwa zimeangalia upande mmoja.

Akafuta jasho, akazifuta na beringi kwa tambara, akaangalia tena. Mtu akiona jambo asilolitaka huwa anaangalia tena, utadhani jambo litaona haya na kujigeuza. Halikujigeuza.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye mvi alibaki pale sakafuni kama amepigwa na butwaa, lazima uzijue beringi zenyewe. Kuna beringi za kawaida, zile za feni na mota ndogo, ambazo hazina makuu: ukizisukuma huku au kule zinavumilia kidogo. Halafu kuna hizi za pembe. Ndani yake gololi hukaa kimshazari, na pete yake ya nje ina bega moja nene na bega moja jembamba. Mzigo ukija upande wa bega nene, beringi itaubeba hata uwe wa kutisha. Ukija upande wa bega jembamba, haibebi kitu. Gololi zinapanda ukingoni na shafti inateleza na kutoka. Kwa hiyo mafundi huzifunga mbili mbili. Shafti ikitakiwa isiende mbele wala nyuma, zinafungwa mgongo kwa mgongo, kama watu wawili waliokaa chini wakaegemeana. Shafti ikiwa ni ya kupindapinda, zinaweza kufungwa uso kwa uso, maana hapo hazikasiriki haraka. Na kama mzigo unakuja kutoka upande mmoja tu siku zote, zinafungwa zikifuatana, ya nyuma ikiisaidia ya mbele. Kuna na zile zenye safu mbili za gololi ndani ya pete moja, za magurudumu ya mbele ya magari, ambazo hata mlevi hawezi kuzikosea.

Bingwa aliyajua haya yote. Aliyafundisha. Ukimpa nafasi aliyafundisha hata msibani, akitumia vikombe viwili vya chai kama mfano.

Lethi hufungwa mgongo kwa mgongo. Hilo halina mjadala, kwa sababu mchongaji anasukuma chuma na kukivuta, huku na kule, kutwa nzima. Pampu za visima virefu ndizo zinazofungwa zikifuatana, maana uzito wa maji huivuta shafti chini, na chini tu. Sasa wakati ule alipozifunga hizi, Bingwa alikuwa ametoka kukarabati pampu za visima, moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikakariri. Ilipofika zamu ya lethi, mikono iliendelea na yake, na mdomo nao ulikuwa unamsimulia mchomeleaji kisa cha jirani aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe akiwa na taulo. Alizipachika zikifuatana. Akakaza nati, akaweka gongo la mti kwenye shafti, akasukuma kwa uzito wake wote. Haikutikisika. Akaridhika, akaenda kunawa.

Kila fundi anajua kwamba ukishasukuma, unavuta. Yeye alisukuma, hakuvuta.

Hilo peke yake lingekuwa kosa la kazini tu, la kutukanwa asubuhi na kusahauliwa mchana. Lakini kulikuwa na Masikio.

Masikio alikuwa mdogo wake mke wa Bingwa, na ndiye aliyekuwa mchongaji wa lethi ile. Bingwa ndiye aliyemleta karakana, na Bingwa ndiye aliyempa jina. Siku za mwanzo gari moja lilisimama nje, dereva akitaka kuelekezwa njia. Masikio alikuwa mlangoni anakula embe. Akamwambia dereva, "Gurudumu lako la mbele kulia linakufa, kaka, usifike mbali." Wakalifungua kwa ubishi tu, wakakuta gololi zimebaki kama punje za mchele. Tangu siku hiyo akawa Masikio, na lilikuwa jina la heshima. Angeweza kukwambia kisu cha kuchongea kimeisha makali kabla hujaona alama yoyote kwenye chuma. Bingwa alitembea naye kifua mbele. "Huyo ni shemeji yangu," aliwaambia wateja, kana kwamba masikio yale aliyatengeneza yeye.

Basi asubuhi ile baada ya beringi mpya kufungwa, Masikio aliiwasha lethi, akachonga kidogo, akaizima. Akainamisha kichwa. Akaiwasha tena.

"Shemeji," alisema, "ikisukumwa iko sawa. Ikivutwa inapumua."

"Inafanyaje?"

"Inapumua. Inatoka kidogo halafu inarudi. Naisikia."

Karakana nzima ilikuwa imesimama inasikiliza, na Bingwa hakuwa mtu wa kuacha hadhira ipotee bure. Isitoshe, alikuwa ameifunga yeye. "Shemeji," alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "hiyo inayopumua ni pua yako. Mwambie dada yako akutoe nta, ukishazibuka uje tuongee mambo ya watu wazima."

Watu walicheka mpaka mchomeleaji akavua kofia yake ya kujikinga ili acheke vizuri. Masikio naye alicheka. Utani wa mashemeji hauna faini, na yeye mwenyewe alishamtania Bingwa mara nyingi juu ya kitambi na juu ya kukoroma. Akakuna shingo, akarudi kazini. Kesho yake alikuta kipande cha pamba kimewekwa juu ya lethi. Siku zilizofuata watu walianza kuliita jina lake kwa kupaza sauti, wakimwinamia sikioni, "MASIKIO!" Jina lilikuwa lilelile, ila sasa lilikuwa la kuchekesha.

Halafu vyuma vikaanza kurudi. Wateja walileta shafti zenye mistari mistari, kama zimechanwa kwa kitana. Mwenye karakana, mwanamke wa miraba minne ambaye wote walimwita Mama Karakana akiwa mbali na Mama tu akiwa karibu, alimwita Bingwa ofisini kwake.

"Nijibu moja tu," alisema. "Ni mashine au ni mtu?"

Bingwa angeweza kusema, ngoja nifungue niangalie. Hayo ndiyo maneno ambayo fundi yeyote angesema. Alisema, "Mama, mashine niliifunga mwenyewe."

Hakumtaja mtu. Baadaye alijitetea mara nyingi kwa hoja hiyo, kwamba hakumtaja mtu. Mama Karakana alitikisa kichwa kukubali, na mchana uleule Masikio alipelekwa uani kukata nondo kwa msumeno wa umeme. Lethi alipewa mchongaji mwingine, na yeye pia akatoa vyuma vya mistari. Wakasema Masikio alishaiharibu. Mwishowe ikaanza kuchemka na kugonga, ndipo Mama Karakana akaamuru ifunguliwe. "Fungua," alisema, "uone alivyoziua."

Na sasa Bingwa alikuwa sakafuni, amefungua, ameona.

Viatu vizito vikaja vikasimama nyuma yake. "Umekuta nini?" aliuliza Mama Karakana.

Mama Karakana alijua biashara ya vyuma kuliko watu wote, lakini tumbo la mashine hakulijua. Angeweza kuziangalia beringi zile mpaka jioni asione kitu. Hakuna mwingine pale ambaye angeona.

"Zimelika, Mama," alisema Bingwa.

"Si nilisema?" Viatu vikaondoka.

Ni kweli zilikuwa zimelika. Bingwa alifunga beringi mpya, mgongo kwa mgongo. Akasukuma. Akavuta. Akaweka saa ya kupimia msogeo wa shafti, akavuta tena, sindano haikusogea. Alifanya kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na kila bolti aliyoikaza ilimkera zaidi. Zile za zamani hakuzitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Alizifunga kwenye tambara, akazitia kwenye mkoba wake wa chakula, na njiani kurudi nyumbani zilimgonga pajani kwa kila hatua.

Nyumbani alimkuta Masikio.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa shati la kutokea, kikombe cha chai mkononi. Dada yake alikuwa anamenya vitunguu na kumsemesha kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama mtu anayeongea na bibi kizee aliye ng'ambo ya mto. "CHAI INATOSHA? NIKUONGEZE?"

"Eeh?" alisema Masikio.

Bingwa alisimama mlangoni. Masikio wa zamani angesikia kijiko kikiwekwa mezani nyumba ya tatu. Huyu aliyekaa pale alikuwa ameanza kusema "eeh?" kabla hata hajajaribu kusikia. Watu wamemwambia hasikii, naye amekubali, kwisha.

"Shemeji, karibu kwako," alisema Masikio, akainuka kumpisha kiti kizuri. Alikuwa na adabu hivyo siku zote, hata katikati ya utani. "Nimekuja kuwaaga kidogo. Si kusafiri. Naacha kazi."

"Unaacha kazi gani?" Bingwa aliuliza akikaa, ingawa alijua jibu.

"Ya vyuma. Nimepata ulinzi kwenye ghala moja, naanza Jumatatu. Kesho asubuhi nakuja kurudisha ovaroli na ufunguo wa kabati. Nimekwenda hospitali, wakanivika vile vidude vya masikioni, wakanipigia vifilimbi. Daktari anasema nasikia vizuri tu." Alicheka kidogo. "Lakini yeye hajawahi kusikiliza lethi. Atajuaje?"

"Mwambie," dada yake alimwambia Bingwa, kisu mkononi. "Mwambie asiache ufundi wake. Amejifunza tangu akiwa kijana mdogo. Wewe ukimwambia atakusikiliza. Mimi hanisikilizi."

Bingwa alifungua mdomo. Mkoba ulikuwa mapajani mwake, na ndani ya mkoba, chini ya bakuli tupu la chakula, zilikuwapo beringi mbili ambazo zingemaliza maneno yote hayo kwa kuwekwa mezani tu.

"Hapana, dada, msimlazimishe," alisema Masikio. Akamgeukia Bingwa, na sasa hakuwa anacheka. "Shemeji, wewe ndiye uliyenipeleka pale. Ulinisemea kwa watu. Nimekuaibisha. Nasikia leo wamefungua, na beringi zako zote nimezimaliza. Nisamehe sana. Sikupaswa kukwambia ni mashine. Nilifikiri naisikia, kumbe nilikuwa najidanganya."

Chumba kilikuwa kidogo na joto la jiko lilikuwa limejaa humo. Bingwa alimwangalia huyu mtu aliyekuwa anamwomba msamaha, na akasema neno baya kuliko yote aliyosema katika jambo hili zima, baya kuliko la nta na kuliko la "mashine niliifunga mwenyewe."

"Usijali," alisema.

"Unaona moyo wa shemeji yako?" alisema mke wake, na machozi yaliyokuwa ya vitunguu yakageuka kuwa machozi ya kweli. "Wengine wangekununia mwaka mzima."

Bingwa alikula bila kujua alichokula. Mke wake alimwekea kipande kikubwa cha nyama, akampiga bega kwa upole kila alipopita. Nafsi ilimsuta mpaka akatamani mkewe ampige kweli. Alijiambia kwamba ameshazifunga vizuri na mashine sasa ni nzima. Alijiambia kwamba ulinzi si kazi mbaya, mtu unakaa kivulini. Alijiambia atamtafutia lethi kwingine, mambo yakipoa. Kila alilojiambia alilisema kwa sauti ileile ya utani ya kufika barabarani, na safari hii hakukuwa na wa kucheka. Alikuwa mwoga. Alikuwa mwoga mwenye mdomo mrefu, na alilijua hilo akiwa ameshika mfupa mkononi.

Asubuhi alifika karakana kabla ya wenzake. Alitafuta kipande cha shafti kinacholingana, akakipachika zile beringi mbili kuukuu kama alivyozikuta, zikifuatana, akazitia kwenye kitako cha chuma na kukibana kwenye jiliwa, ile koleo kubwa ya mezani. Akakaa kwenye kreti, akasubiri. Wengine wakaingia mmoja mmoja wakavaa ovaroli zao. Mchomeleaji alimuuliza kama amelala hapo.

Masikio alikuja na mfuko. Ovaroli ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri, na juu yake alikuwa ameweka vernia yake, kile kipimo cha chuma ambacho hakuwahi kumwazima mtu. Mama Karakana alitoka ofisini kupokea ufunguo.

"Kabla hujarudisha," alisema Bingwa, "njoo ushike hapa."

"Eeh?"

Bingwa hakupaza sauti. "Njoo ushike hapa, shemeji. Sukuma."

Masikio aliweka mfuko chini, akashika kile kipande cha shafti, akasukuma. Kilikuwa imara.

"Sasa vuta."

Akavuta. Shafti ikatoka. Ni kidogo sana, unene wa unywele mmoja au nywele mbili, kisha alipolegeza ikarudi. Akavuta tena. Ikatoka, ikarudi. Masikio aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya zamani, akaendelea kuvuta na kulegeza, kuvuta na kulegeza, na pale palikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu aliyekuwa karibu alisikia vile vichuma vikigusana.

"Inapumua," alisema Masikio.

"Ndiyo," alisema Bingwa. "Hizo ndizo nilizotoa jana kwenye lethi. Na hivyo ndivyo nilivyozifunga. Zinafuatana, kama za pampu. Nilikosea mimi. Wewe hukuua kitu."

Mchomeleaji alikuwa ameanza kutabasamu akidhani utani unakuja. Tabasamu lilimfia mdomoni.

Masikio hakuiachia shafti. "Kwa hiyo siku ile nilisikia."

"Ulisikia."

"Umejua lini?"

"Jana, nilipofungua."

"Jana mchana." Masikio alihesabu kichwani, na Bingwa alimwona akihesabu. "Jana jioni nilikuja kwako nikakuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Ukasema usijali."

Bingwa alitamani sakafu ipasuke.

"Na siku ile ya kwanza," alisema Masikio, "hukujua bado. Sawa. Mtu anakosea. Lakini hukwenda hata kuivuta, shemeji. Ungenitukana ningebishana na wewe. Ungenifukuza ningeenda kwa Mama. Wewe ulinifanya kichekesho, na mimi mjinga nikacheka na wao." Akaiachia shafti. "Nimekwenda kupigiwa vifilimbi hospitali. Dada yangu ananisemesha kama kiziwi."

"Nisamehe," alisema Bingwa.

"Sijui," alisema Masikio. Akaokota mfuko wake na kila kilichokuwamo, akaondoka.

Mama Karakana alikuwa amesimama muda wote huo, mkono bado umenyooshwa kupokea ufunguo ambao haukuja. Akaushusha. "Nilikuuliza swali moja," alimwambia Bingwa. "Moja tu. Mashine au mtu."

"Ndiyo, Mama."

"Nikamtoa mtu." Hakufoka, na watu waliomzoea akifoka waliogopa zaidi. "Msumeno wa uani hauna mtu. Nenda kakate nondo. Ukihitajika kufungua mashine, utaitwa."

Bingwa alikwenda. Alikata nondo siku ile kutwa, cheche zikimrukia mikononi, na hakuna aliyemtania. Nyumbani alimweleza mke wake yote akiwa amesimama, kama mtoto aliyevunja chombo. Mke wake hakupiga kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampakulia chakula, akachukua sahani yake mwenyewe akaenda kula jikoni. Ikawa hivyo kesho yake, na keshokutwa yake. Bingwa aliyekuwa na maneno ya kila aina aligundua kwamba kula peke yake kunamfanya ajisikie akitafuna.

Jumatatu Masikio hakuonekana. Jumanne alikuja, amevaa ovaroli. Mchomeleaji alimkimbilia, akakumbuka kitu njiani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kiungwana, "Masikio, habari za huko?"

"Getini kule?" Masikio alicheka kwa shida. "Nimekaa siku moja. Kimya kama kaburi. Hakuna hata kitu cha kusikiliza."

Mama Karakana alitoka ofisini, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye lethi kama bibi harusi. "Kuanzia leo," alisema ili kila mtu asikie, "mashine ikifungwa hapa ndani haikabidhiwi mpaka Masikio aseme. Hata iwe imefungwa na nani." Msumeno wa uani ulinyamaza. Bingwa alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la chuma hadi kwenye nyusi.

Masikio aliiwasha lethi. Ilianza taratibu, ikashika kasi, ikatulia kwenye mlio mmoja mrefu. Alichonga kidogo kwenda mbele. Akarudi nyuma. Akainamisha kichwa, na watu wote wakaangalia kile kichwa.

"Haya," alisema Mama Karakana. "Iko sawa?"

Masikio alisikiliza, akafumba macho, akayafumbua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya kazi. Aligeuka akamtafuta Bingwa kwa macho.

"Shemeji," alisema, "wewe unasemaje?"

Hapo ndipo Bingwa alipoona alichokiharibu. Beringi alizibadilisha kwa nusu siku. Hiki hakukijua kinafungwa vipi.

"Mama hajaniuliza mimi," alisema. Akavuka sakafu akaja karibu. "Wewe unasikia nini?"

"Acha tu. Itakuwa iko sawa."

"Unasikia nini, shemeji?"

Masikio alijikuna shingo, kama siku ile. "Kuna kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Nyuma huko, mbali. Si kupumua. Kama... kinagusa, kinaacha. Kidogo sana. Labda ni mimi. Nimekaa siku nyingi bila kuisikiliza. Labda ni masikio tu."

Mtu mmoja alikohoa. Bingwa alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa mashine na mpini sikioni, kama mafundi wanavyopima. Alisikiliza mbele, kwenye beringi zake alizozisukuma na kuzivuta na kuzipima mpaka sindano ikachoka. Zilikuwa zinalia vizuri, mlio laini wa kitu kilichofungwa kwa haki. Akahamia katikati. Akahamia nyuma kabisa, akapiga magoti, akasikiliza huko kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, pumzi ameishika. Alipofumbua macho aliona nyuso zote zinamsubiri. Mchomeleaji alikuwa ameegemea nguzo. Walimjua: siku zote, mahali kama hapa ndipo Bingwa huachia neno moja la kuwavunja mbavu. Na neno lenyewe lilikuwa limeshamfikia ulimini, tamu, tayari.

Alilimeza.

Hakuwa amesikia kitu. Hata chembe. Akainua mkono akaizima lethi, akaomba spana, akaanza kufungua pale Masikio aliposema.